Maswali ya Wasomaji: Mpimaji yuko juu, chini yupo nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni binti, nimeanza kazi ya kupima na kuthamini majengo mwaka huu. Nimepangiwa nyumba ya wakfu ya ghorofa mbili, Malindi ya hapa Mji Mkongwe, inayokaliwa na familia tatu. Ofisini nimepewa helmeti na viatu vigumu, basi. Nasikia sakafu ya juu ni mbovu. Nifanyeje nisiumie, na wala nisiwaumize waliomo?
Mpimaji, Mjini Unguja

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao waliomo umewataja mwisho, lakini mimi nitaanza nao. Kabla hujawasha tochi, muulize anayefagia nyumba. Kuna nyumba Kiponda niliwahi kuikagua, mama mwenyeji akanisimamisha mlangoni: "Hapa tunapita upande wa dirishani, pale kati tumeshapaacha." Pale kati walilaza mkeka uliokunjwa, watoto wasipite. Mchoro niliokuwa nao haukuwa na habari hiyo hata kidogo.

Helmeti itakukinga na kipande cha plasta. Sakafu ikikatika, haikusaidii. Nyumba hizi za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Sakafu zimebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na juu ya boriti mawe na chokaa tena. Ni mzigo mkubwa kabla hata mtu hajaweka kabati lake. Boriti mara nyingi huoza kuanzia ncha, pale ilipoingia ukutani, kwa sababu unyevu ndipo unapokaa: bati linalovuja, choo cha juu kinachochuruzika, na plasta ya saruji iliyopakwa juu ya chokaa ikauzuia ukuta usikauke. Katikati ya chumba utaiona boriti nzima, nyeupe kwa chokaa, kumbe ncha imekwisha.

Kwa hivyo anza chini, usianze juu. Mulika pale boriti inapokutana na ukuta. Tafuta doa la maji, udongo wa mchwa, ufa unaofuata ukingo wa dari. Kisha bonyeza ncha kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate wa boflo uliorowa, chumba cha juu yake usikikanyage. Simama kizingitini, ndani ya unene wa ukuta, upime kwa kifaa cha leza, na uandike kwamba hukuingia na sababu yake. Bosi akikuuliza kwa nini hukupata vipimo vya kona zote, mwonyeshe hilo andiko. Ukiambiwa "tembea kandokando ya ukuta, ndiko kuliko imara," usikubali haraka. Kwenye nyumba zetu ncha zilizooza ziko huko huko ukutani.

Sasa jambo linalonikosesha usingizi zaidi. Mpimaji akiingia nyumba huku kwetu hapandi peke yake. Msimamizi yumo, mjumbe wa sheha yumo, jirani amekuja kutazama, na watoto waliotoka skuli wako nyuma yao. Wote wanakuja kusimama katikati ya chumba ambacho kwa kawaida hulala watu wawili. Na chini yake kuna mtu anapika, au mzee amelala. Usione haya kusema: anayepanda ni mmoja, na chumba cha chini kiwe kitupu mpaka ushuke. Mgonjwa asiyeweza kuhamishwa? Basi chumba cha juu yake hakikaguliwi siku hiyo.

Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo Wazanzibari wote tunalijua, lilianguka sehemu tarehe 25 Disemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Kama jumba lile lililokuwa mikononi mwa mafundi liliweza kuanguka, nyumba ya Malindi isiyoguzwa miaka mingi haistahili kuingiwa kwa pupa. Wakati wa masika, mvua kubwa ikinyesha usiku, ahirisha. Ukuta uliolowa ni mzito zaidi na nguvu zake hupungua.

Mengine kwa ufupi. Futi ya chuma usiinyooshe karibu na waya zilizo wazi. Uani kanyaga polepole, visima vya zamani mara nyingine vimefunikwa mbao tu. Juu ya mabati usipande kabisa. Nyumba tupu usiingie peke yako, na ofisini waache wakijua saa utakayotoka.

La mwisho ni zito. Wenyeji wakiogopa kuhamishwa wataficha nyufa, watasogeza kabati, watatundika pazia. Siwalaumu, hawana pa kwenda. Waambie tangu mlangoni umetumwa na nani na kwa kazi gani. Ukiona hatari, waambie siku hiyo hiyo, kwa mdomo, pale pale. Ripoti yaweza kukaa mezani miezi, na wao wanalala humo leo.

SWALI: Assalaam alaykum. Walikuja vijana wawili na vipimo, wakasema wametumwa na mwenye nyumba. Mume wangu yuko Pemba kikazi, nina watoto watatu. Sikufungua, wakaondoka wamekasirika. Watarudi. Nilifanya vibaya? Na jikoni kuna ufa, nimeweka kabati mbele yake.
Mama wa watoto, Mkunazini

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Hukufanya vibaya. Anayekuja kwa kazi halali huja na barua na kitambulisho, na ni vizuri zaidi kama sheha anayo habari. Mpigie mwenye nyumba umuulize majina yao. Kisha panga wewe siku na saa, na mwite shoga yako au mama mkwe akae nawe.

Siku hiyo zima jiko mapema, ondoa ndoo na kamba ngazini, na watoto uwapeleke kwa jirani, wasibaki barazani chini ya roshani. Fuatana na wageni mpaka mlango wa kila chumba lakini usiingie nao. Pale ambapo nyinyi wenyewe hampakanyagi, watajie kabla hawajapanda.

Kuhusu kabati, naelewa hofu yako. Lakini ufa wa jikoni unaopanuka huwezi kuujua ukiwa umeufunika. Sogeza kabati leo, piga mstari wa penseli kila mwisho wa ufa, uandike tarehe. Vijana wakija uwaonyeshe mistari hiyo. Na kama kabla hawajaja ufa umevuka penseli, hamisha jiko na vitanda vya watoto upande wa pili, mpigie mwenye nyumba, na mjulishe sheha siku hiyo hiyo.