Mbung'o wa Unguja na mionzi ya Tanga: barua kwa mwanangu

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu zako zimefika, nasi huku hatujambo. Unasema wenzako kazini wamesikia kwamba baba yako alikuwa kwenye maabara ya serikali iliyotumia nyuklia, wakakuuliza kama ilikuwa ya mabomu, ukakosa la kuwajibu. Kisha ukaleta swali lako mwenyewe, lililo zito zaidi: je, nilikuwa nikirudi nyumbani na mionzi mwilini, nanyi mkiwa wadogo?

Nianze na lako. Hapana. Mionzi ya gama ikishapita kwenye kitu haibaki humo. Kinachotoa mionzi ni chanzo chenyewe, nacho kilifungiwa ndani ya madini mazito ya risasi. Mbung'o, yule nzi mnyonya damu tuliyemfuga kazini, akipitishwa humo alitoka hana mionzi yoyote, ungeweza kumshika kwa vidole. Hatari ni mtu kukikaribia chanzo pasipo kinga, au chanzo kuvuja, ndiyo maana waliokishughulikia walivaa beji za kupimia mionzi kifuani. Mimi nilikuwa zaidi upande wa damu ya kuwalisha mbung'o. Nilichokileta nyumbani, na mama yako ni shahidi, ni harufu ya machinjioni.

Sasa hao wenzako. Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni, mdogo, mpenda vichaka na misitu kama Jozani, naye ndiye aliyewaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Kazi ya taasisi yetu pale Tanga ilikuwa kumfuga mbung'o huyo huyo kwa wingi, kuwafanya madume wawe tasa kwa mionzi, kisha kuwapeleka Unguja wakachanganyike na wa porini. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake. Akikutana na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Wazo lenyewe ni la Mmarekani Edward Knipling, aliyepambana na nzi ambao funza wao hula vidonda vya mifugo. Kisiwa cha Curaçao kilisafishwa kwa njia hiyo mwaka 1954. Sisi tulisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo lina maabara yake Seibersdorf, karibu na Vienna.

Kumfuga mbung'o, mwanangu, ni adhabu. Hatagi mayai. Hulea buu mmoja tumboni, akamzaa baada ya siku tisa au kumi hivi, buu akajichimbia chini na kukaa pupa, yaani amejifunga ndani ya ganda kabla hajawa nzi mzima, kama mwezi mzima. Halafu hali kitu kingine ila damu. Tulikusanya damu ya ng'ombe machinjioni, tukaimimina kwenye sinia zilizopashwa joto, tukaifunika kwa utando mwembamba wa silikoni, na vizimba vya wavu vikakaa juu yake. Mbung'o huutoboa ule utando akidhani ni ngozi. Damu ikiingia uchafu, unakuta wamelala chini ya kizimba, na uzazi wa wiki kadhaa umepotea. Kutwa tulikuwa tukiosha sinia, tukipima joto na unyevu, tukihesabu pupa. Zamu ya mionzi ilikuwa fupi kuliko zote.

Fupi, ila haikutaka uzembe. Ukizidisha kiwango, dume hutoka mnyonge, asiweze kushindana na wenziwe wa porini. Ukipunguza, bado anazalisha, nawe umekuwa mfugaji wa adui. Na chanzo nacho huchakaa: kobalti-60, madini yanayotoa mionzi, kwa mfano, hubaki na nusu ya nguvu yake baada ya miaka 5 na ushei, kwa hiyo muda wa kuwaweka wadudu ndani lazima uongezwe kadiri miaka inavyokwenda.

Wanaosimulia habari hii hupenda kuanza na ndege iliyomwaga madume kutoka angani, na hilo hunikera. Kabla ya ndege, ng'ombe wa Unguja walipakwa dawa mgongoni na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa, na hiyo ndiyo iliyopunguza wingi wa mbung'o. Mionzi ilikuja kuwamaliza waliobaki kwenye vichaka ambavyo dawa haikuvifikia, kwa sababu dume humtafuta jike mwenyewe, huhitaji kujua jike yuko wapi. Kuanzia Agosti 1994 hadi Desemba 1997, madume tasa zaidi ya milioni 8 walimwagwa kutoka angani, wamepozwa kwa baridi ili watulie ndani ya maboksi ya karatasi. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa Septemba 1996. Mzee mmoja mfugaji aliwahi kuniuliza ni serikali gani hii inayotuletea mbung'o kwa ndege. Nilimwona ana haki: dume naye hunyonya damu.

Usiwaambie wenzako kwamba njia hii ya madume tasa inafaa kila mahali. Unguja imezungukwa na bahari, mbung'o wa bara hawezi kuivuka. Miaka ya 1970, huku huku Tanga, njia hiyo ilijaribiwa kwenye ranchi ya Mkwaja kwa aina nyingine ya mbung'o. Walipungua sana ila hawakwisha, na nje ya ranchi walikuwa bado tele.

Kuhusu mabomu, jibu ni hapana, lakini usilitoe kwa kiburi. Kobalti-60 hutengenezwa ndani ya vinu vya nyuklia, na hilo shirika la Vienna lilianzishwa mwaka 1957, baada ya Rais Eisenhower kuhutubia Umoja wa Mataifa mwaka 1953 kuhusu atomu kwa ajili ya amani, wakati nchi yake na Urusi zikishindana kutengeneza mabomu makubwa zaidi. Elimu ni ile ile. Sisi ilitufikia upande wa mbung'o.

Kama wanataka habari za chanzo kwa undani, ukija likizo nitakupeleka kwa rafiki yangu aliyekuwa chumba cha mionzi. Mimi nitakueleza ya damu tu. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama ule mchele umeshakufika au bado uko kwa wenye basi.

Baba yako,
Tanga