Uswidi Haikushindwa, Iliacha Kulipia

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, nchi inaweza kukaa bila upande katika dunia ya leo?", ningelipita kama ninavyoyapita mengine. Ila chini yake mmeandika kwamba hata Uswidi imeshindwa, imeingia NATO, ule umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Hapo mmenigusa. Nilisoma Lund, mji wa chuo kikuu kusini mwa Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ufadhili wa Waswidi wenyewe, na sikubali historia ile ifungwe kwa kitenzi kimoja.

Sisi wa rika langu tunaijua Uswidi kwa kituo cha elimu cha Kibaha, kwa bwawa la umeme la Kidatu, kwa vyuo vya maendeleo ya wananchi (FDC). Tunaijua pia kwa waziri mkuu wao Olof Palme, ambaye Krismasi ya 1972 aliyaweka mabomu ya Wamarekani kule Hanoi kwenye orodha moja na mauaji ya Guernica, Sharpeville na Treblinka. Washington ikakaa zaidi ya mwaka bila kukubali balozi mpya kutoka Stockholm. Palme hakufuta kauli. Wakati wakubwa wa Magharibi wakiwaona wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji na ANC ya Afrika Kusini kama magaidi, fedha za serikali ya Uswidi ziliwafikia. Kwangu mimi, kukaa bila upande kulikuwa na maana hiyo: kuwa na mdomo wako mwenyewe.

Lakini mdomo huo ulilindwa na nini? Niruhusuni nieleze habari ya nyambizi.

Usiku wa tarehe 27 Oktoba 1981 nyambizi ya Kisovieti, ambayo Waswidi waliipa namba U 137, ilipanda mwamba katika ghuba ya Gåsefjärden, kilomita kama kumi tu kutoka Karlskrona, kituo kikuu cha jeshi lao la majini. Kesho yake mvuvi ndiye aliyetoa taarifa. Sisi kule Lund tulizipata habari jikoni, kwenye bweni, ambako tulikuwa tukipika kwa zamu. Kijana mmoja wa Blekinge, mkoa huohuo, mtoto wa mvuvi, alichukua bahasha ya barua akaanza kuchora nyuma yake: visiwa, miamba, mkondo mwembamba unaopita katikati, na mwisho kabisa msalaba mdogo. Warusi walisema vyombo vya kuongozea viliharibika, wakadhani wako karibu na pwani ya Poland. Kijana akaugonga ule msalaba kwa kalamu. "Hapa hafiki mtu kwa kupotea," alisema. "Baba yangu mwenyewe hapiti hapa usiku."

Siku zilizofuata hakuna aliyesoma. Manowari za Kisovieti zilikuwa zimesogea zikasimama nje ya mpaka wa bahari. Waziri Mkuu alikuwa Thorbjörn Fälldin, mkulima na mfugaji wa kondoo kutoka kaskazini, mtu wa maneno machache. Usiku mmoja rada zilionyesha vyombo viwili vikija kutoka baharini kuelekea mpakani. Mkuu wa majeshi akampigia simu kuuliza wafanye nini, Fälldin akajibu: shikilieni mpaka. Mizinga ya pwani ikawekwa tayari. Baadaye vikagundulika kuwa meli mbili za mizigo za Wajerumani. Sisi hayo tuliyajua muda mrefu baadaye, lakini kila nikiyakumbuka huwaza: nchi ya watu milioni nane ilikuwa tayari kufyatua dhidi ya Moscow, bila mkataba wa kumwita mtu aje kuisaidia.

Jioni ya tarehe 5 Novemba serikali ikatangaza kuwa vipimo vimeonyesha uraniamu ndani ya nyambizi, kwa hiyo karibu hakika ilikuwa imebeba silaha za nyuklia. Jikoni kulinyamaza. Kesho yake nyambizi ikavutwa na kuachiliwa iende zake. Yule kijana akaniuliza, "Na ninyi, Amin alipowaingilia, nani aliwasaidia?" Nikamwambia Msumbiji ilileta askari, na Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana nasi, mengine yote tulijibebea. Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) haukutaka hata kumlaani Amin. Nikamweleza pia ile miezi kumi na minane ya kufunga mikanda aliyotuomba Nyerere baada ya vita, na jinsi ilivyokwisha mikanda ikiwa bado imefungwa. Wakati huo nyumbani watu walikuwa wakipanga foleni ya sukari na sabuni. Aliikunja ile bahasha akaitia mfukoni, akasema basi mnajua bei yake.

Waswidi walikuwa wakiilipa. Karibu kila kijana wa kiume alipitia jeshi, ndege za kivita wakiziunda wenyewe katika kampuni yao ya Saab, na jeshi la anga lilikuwa miongoni mwa makubwa ya Ulaya. Na hata hivyo, haki isemwe, hawakuwa peke yao kama walivyotuaminisha. Mwaka 1952 ndege yao aina ya DC-3 ilitunguliwa na Wasovieti juu ya Bahari ya Baltiki ikiwa na watu wanane. Serikali ikasema ni mafunzo, kumbe ilikuwa ikipeleleza rada, na taarifa zilikuwa zikifika Uingereza na Marekani. Familia zilisubiri miongo kwa miongo, mabaki yakapatikana chini ya bahari mwaka 2003. Mwaka 1994 tume ya serikali yenyewe ilithibitisha kuwa kulikuwa na maandalizi ya siri ya kushirikiana na nchi za NATO endapo vita ingezuka. Wananchi walikuwa wameambiwa jambo jingine.

Na hoja yangu ya mdomo nayo ina tundu. Norway ilikuwa NATO tangu 1949, na bado ilivisaidia vyama vyetu vya ukombozi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba bila kukaa nje ya kambi Palme asingesema lolote. Nadhani angesema kwa sauti ya chini zaidi.

Tarehe ya kweli ya Uswidi kuacha msimamo wake si 7 Machi 2024, siku ilipoingia NATO. Vita Baridi ilipokwisha waliingia Umoja wa Ulaya mwaka 1995, wakapunguza jeshi mwaka hadi mwaka, wakaondoa kikosi Gotland, kisiwa kilicho katikati ya Baltiki, na mwaka 2010 wakasimamisha utumishi wa lazima jeshini. Mtu akiuza ukuta hawezi kushangaa mlango peke yake ukishindwa kumlinda. Urusi ilipoivamia Ukraine 2022, waziri mkuu Magdalena Andersson alisema mwezi Machi kwamba kuomba kujiunga na NATO kungezidisha wasiwasi. Mei chama chake, kilekile kilichokuwa cha Palme, kikaridhia na serikali yake ikaomba. Finland ilikuwa inakwenda, wao wangebaki na nani?

Kwa hiyo, Mhariri, pamoja na kwamba nimeanza kuandika nikitaka kuitetea Uswidi ya zamani, jibu langu ni kwamba siwalaumu waliojiunga. Nchi inaweza kukaa bila upande ikiwa iko tayari kulipa peke yake, na wao hawakuwa tayari tena. Sisi tuna majirani wengine na hesabu nyingine, msichukue jibu hili mkaliweka Dodoma.

Lakini bei ya upande mpya imeanza kuonekana. Ili Uturuki, ambayo ni mwanachama wa NATO, ikubali waingie, walifungua tena mauzo ya silaha kwake mwaka 2022. Desemba 2023 wakasaini mkataba unaowapa Wamarekani ruhusa ya kutumia vituo 17 vya kijeshi, na ndani yake hakuna kifungu kinachokataza waziwazi silaha za nyuklia. Serikali inasema hazitaletwa wakati wa amani. Nchi iliyoshtuka vile kwa uraniamu ya Gåsefjärden ilipaswa kuliandika hilo kwenye mkataba, na katika hili siwaungi mkono hata kidogo.

Msomaji wenu, Morogoro