Kanzu ya Hana na shati lisilomtosha mwanangu

Krismasi ya 2020 nilimshonea mwanangu wa kwanza shati la kitenge. Sikumpima. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na tangu kaptula yake ya chekechea hakuna nguo aliyovaa ambayo haikupita mikononi mwangu. Vipimo vyake vilikuwa kichwani, futi kamba ya nini? Akafika kutoka chuoni Dodoma, akalivaa, kifungo cha kifuani kikagoma na mikono ikaishia juu ya kifundo. Akacheka, akanikumbatia, akasema, “Mama, hili mpe mdogo wangu.” Hakukuwa na ubaya wowote katika maneno yake. Nilikwenda chumbani nikalia kama mtu aliyefiwa.

Wapo akina mama ninaosali nao jumuiya ambao mwaka huu watoto wao wanaondoka, na wamekuwa wakiniuliza nilivukaje. Nawajibu kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo huwa siwezi kumaliza.

Kwanza tukubaliane kwamba jambo hili linauma, na uchungu wake si upungufu wa imani. Kwetu mwanamke akijifungua anapewa jina jipya. Jina langu la ubatizo hutajwa kanisani na benki. Mtaa mzima unaniita kwa jina la mwanangu. Basi huyo mwenye jina akiondoka, wewe unayebaki unaitwa nani? Miaka 20 umeamka alfajiri kwa ajili yake, halafu asubuhi moja hakuna wa kuamshwa. Lia. Usimwache mtu akwambie mama Mkristo halii.

Alipomaliza kidato cha sita mwaka 2019 jina lake lilitoka kwenye orodha ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kambi ya Mafinga. Wenye vijana mnaijua ile orodha ya vifaa: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi. Ile bukta niliishona usiku, nikarudia mshono mara tatu, utadhani mshono ndio ungemlinda. Lakini Mafinga haikuniachisha mtoto. Nilivumilia tu, nikihesabu siku arudi awe wangu tena.

Alipoingia chuo nilikuwa napiga simu asubuhi, mchana na usiku. Umekula nini, umeenda Misa, bumu la mkopo limeingia, umelitumiaje. Mwaka wa pili nikafanya jambo ninalolijutia hadi leo. Nilimtafuta kijana aliyeishi naye chumba kimoja, nikawa namtumia vocha, na wakati mwingine elfu tano, ili anipe habari: analala saa ngapi, Jumapili anaamka, kuna binti anakuja? Nilijiambia ni ulezi wa Kikristo. Mwanangu akaziona zile meseji kwenye simu ya mwenzake. Kwaresima nzima ya 2021 hakunipigia hata mara moja. Nikipiga mimi anapokea, “Shikamoo mama, niko darasani,” basi. Kijana anaweza kukuamkia kwa heshima zote huku mlango ameufunga.

Katika majuma yale nilikuwa nasoma habari za Hana, mama wa nabii Samweli, katika 1 Samweli. Nilizisikia tangu utotoni, na siku zote mahubiri huishia pale alipomwomba Mungu mtoto akampata. Safari hii macho yangu ya kifundi yalisimama sura ya 2, mstari wa 19: mama yake alimtengenezea kanzu ndogo, akampelekea mwaka kwa mwaka. Nikaweka Biblia chini. Alijuaje kipimo? Alimwacha Samweli Shilo, kwenye nyumba ya Bwana, baada tu ya kumwachisha kunyonya. Mwaka mzima hamwoni. Anakata kitambaa kwa mtoto ambaye amekua bila yeye kushuhudia. Kila mwaka ilimbidi akubali kwamba mtoto wa mwaka jana hayupo, akate kikubwa zaidi. Mimi nilikuwa nakata kwa kipimo cha mtoto wa mwaka jana, halafu nakasirika anapotanuka.

Na tazameni alimwacha wapi. Akina mama tunasema chuo kina makundi mabaya. Sura hiyohiyo inasema wana wa kuhani Eli, Hofni na Finehasi, walikuwa watu wasiofaa, wakipora nyama za sadaka na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Ndio vijana ambao Samweli alikua akiwaona kila siku, tena ndani ya nyumba ya Bwana! Hana hakwenda kumtoa. Wala hakumtupa: kila mwaka alipanda na kanzu yake mkononi. Kuachia kwa mama Mkristo ndiko huko, mikono inaendelea kushona, ila haimshiki.

Nilimwomba mwanangu msamaha siku ya Pasaka, kwa simu, bila kuongeza “lakini”. Hilo “lakini” ndilo huharibu msamaha wetu wazazi. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama cherehani imetengenezwa. Nikajua amenisamehe.

Somo wangu wa ubatizo ni Mtakatifu Monika, na nilikuwa nikimtaja kujitetea, kwamba hata yeye alimfuata mwanawe Agostino kila mahali. Kweli alimfuata. Lakini mwaka 383, Agostino alipotaka kuhamia Roma na mama akamng’ang’ania, kijana alimdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki bandarini. Usiku ule Monika alikuwa Karthago, katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriano karibu na bahari, akimlilia Mungu mwanawe asiondoke. Meli ikang’oa nanga. Sasa fikirieni: ni safari hiyohiyo iliyomfikisha Agostino Milano kwa Askofu Ambrosi, na Pasaka ya 387 akabatizwa. Mama aliomba mtoto aokoke, akaomba pia asisafiri, na Mungu alimpa la kwanza kwa kumnyima la pili. Tangu hapo nimebadilisha sala zangu. Zamani nilikuwa nampangia Mungu: asikutane na huyu, asiende kule. Sasa nataja jina lake na kuomba ampende. Ni sala fupi, na ni ngumu kuliko rozari nzima.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo naona hatulisemi. Binti tunamuaga kwa sherehe. Ana sendofu yake, mama anasimama mbele za watu, analia, anamkabidhi. Kwa kijana wa kiume hakuna siku kama hiyo, kwa hiyo wengi wetu hatumwachii kabisa, hata akioa. Na Mwanzo 2:24 inamtaja yeye hasa, kwamba mwanamume atamwacha baba yake na mama yake. Ndoa nyingi ninazoziona zikiyumba, mama mkwe bado ana ufunguo wa nyumba ile. Ukiweza, siku anayoondoka kwenda kujitegemea ita jumuiya, msali, umwekee mikono kichwani, umwambie kwa sauti, “Nenda.” Masikio yako nawe yanahitaji kulisikia.

Kuhusu simu, tulikubaliana Jumapili jioni. Siku nyingine akipiga ni zawadi. Kuhusu pesa, alipopata kazi nilijizuia kumkumbusha ada niliyolipa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba haiwapasi watoto kuweka akiba kwa ajili ya wazazi, bali wazazi kwa watoto. Amri ya nne, waheshimu baba na mama, ipo, na mwanangu hunisaidia. Lakini msaada unaodaiwa kila mwisho wa mwezi hugeuka kodi. Na akiwa hatarini kweli, nenda. Mwaka wa tatu alipozidiwa na malaria nilipanda basi la alfajiri, sikuuliza kama ninaruhusiwa.

Sasa anafanya kazi Mtwara. Mwezi wa sita alikuja likizo amevaa shati ambalo sikulishona mimi. Akaniambia amepata fundi huko, karibu na anapoishi. Alipokwenda kuoga nilichukua lile shati kitandani, nikageuza kola, nikaangalia mshono wa ndani. Mabega yamekaa sawasawa, na pindo ameliacha kubwa, la kutosha kukunjuliwa.

Alipotoka nilimwambia akirudi amsalimie fundi wake.