Bata mzinga mwitu Pennsylvania: anza na masikio

Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi kuwatafuta bata mzinga mwitu huko Pennsylvania kabla msimu wa kuwinda wa majira ya kuchipua haujafunguliwa. Anza kwa kusikiliza. Usiku hulala juu ya miti, kwa hiyo fika kilimani kungali giza, usimame kimya. Dume akilia kutoka mtini, weka alama kwenye ramani ya simu, kisha ondoka. Usimwigie sauti kabisa! Akishaujua ujanja huo, siku ya kuwinda hatakuitikia.

Jua likipanda, rudi uangalie chini. Majani makavu yaliyofukuliwa chini ya mialoni ni kazi yao, wanatafuta mbegu. Mimi huamini kinyesi kuliko nyayo: cha dume ni kirefu, kimepinda mwishoni kama herufi J, cha jike kimejiviringa kama konokono. Tofauti hiyo ni muhimu, kwani msimu huo wanaoruhusiwa ni wenye ndevu tu, yale manyoya membamba yanayoning'inia kifuani.

Na tafadhali, usivae nyekundu, nyeupe wala buluu. Ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwenzio anaweza kukulenga. Kwenye mashamba ya watu, piga hodi uombe ruhusa mapema.