Kwa mhojaji mpya: kabla hujabisha hodi Nyalenda

Kazi hii ya kuwahoji wanawake wa mitaa ya Kisumu, kama Nyalenda, kuhusu ukatili wa waume huharibika mara nyingi kwenye swali la kwanza. Ukimuuliza mama, "Umewahi kufanyiwa ukatili na mumeo?" atakujibu hapana, na kwa jinsi anavyolielewa neno hilo hajakudanganya. Ukatili kwake ni panga na kulazwa hospitali. Kofi ni mambo ya nyumbani. Kwa hiyo taja tendo lenyewe. Amewahi kukupiga kofi? Kukusukuma? Kukukaba shingo? Kukunyima pesa za matumizi na huku anazo? Kisha uliza kama limetokea ndani ya miezi 12 iliyopita, na mara ngapi. Maswali ya Kidholuo yapewe mtu wa pili ayarudishe kwa Kiswahili bila kuona yale ya awali. Hapo ndipo utagundua "kusukuma" limegeuka "kugombana".

Mtaani utafiti uitwe wa afya ya familia. Mzee wa mtaa, mwenye ploti na mume wote wapewe jina hilo hilo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo huu mwaka 2001, pamoja na kanuni mbili ambazo wageni huziona za urasimu tu: uhoji mwanamke mmoja tu kwa kila nyumba, na asiwepo mtoto wa zaidi ya miaka miwili. Mtoto wa miaka minne husimulia kila kitu babake akirudi.

Faragha ndiyo ngumu kuliko yote. Nyumba nyingi za Nyalenda, Obunga na Manyatta ni chumba kimoja, na mabati yanayotenganisha majirani hayazuii sauti. Usilazimishe mazungumzo yafanyike mle ndani. Panga mkutane kliniki siku anayopeleka mtoto, au baada ya chama. Mtu akitokea ghafla, ruka papo hapo hadi ukurasa wa maswali ya akiba: "Usiku wa kuamkia leo mlilala ndani ya chandarua?" Yafanyie mazoezi kwa sauti mpaka uso wako usibadilike, kwa sababu mume anayeingia hutazama uso kabla ya kusikia neno.

Usimwachie nakala ya fomu ya idhini. Mpe kikaratasi kidogo kinachoingia ndani ya kiatu, chenye namba za huduma nyingi: kliniki ya wajawazito, chanjo, na katikati yake 1195 ya ukatili wa kijinsia na 116 ya watoto, zote za bure. Aliyebakwa aambiwe saa: dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya plastiki huvunda na ushahidi ukaharibika.

Upande wa elimu, semina ya siku moja yenye soda na mkate haibadilishi nyumba ya mtu. Mpango wa SASA! wa kuzuia ukatili, jijini Kampala, ulichukua takriban miaka mitatu ya mazungumzo ya majirani kwa majirani, wanaume wakiwemo, ndipo ukatili wa kupigwa na mwenzi ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuhojiwa ukaonekana chini kwa asilimia 52 kuliko katika maeneo ambayo hayakufikiwa. Bajeti yako ikiwa ya miezi mitatu, usiahidi wenyeji mabadiliko.

Na usirudi nyumba ile kesho yake "kumjulia hali", hata kama hukupata usingizi kwa kumwaza. Mgeni yule yule mara mbili kwa wiki ataulizwa na mwenye nyumba. Mweleze msimamizi wako jioni ile ile, yeye apange mwingine wa kumfuatilia kupitia kliniki.