Maswali yenu kuhusu Resident Evil: Apocalypse

Niliposema hapa kwamba filamu ya Resident Evil: Apocalypse ya mwaka 2004, iliyotokana na gemu za Resident Evil, ilibeba sura ya gemu ikaiacha hofu yake, wengi mlikuja juu. Haya ni baadhi ya maswali yenu.

Sijaona ya kwanza. Nikianza na hii nitaelewa? (Msomaji, Morogoro)

Utaelewa. Kirusi kimevuja kutoka maabara ya kampuni ya Umbrella iliyo chini ya jiji la Raccoon, wafu wanaamka na kung'ata wazima, na Alice, shujaa wa filamu, anazinduka hospitalini hakuna mtu. Ila asili ya Nemesis, lile jitu la kutisha la humu, imedokezwa mwishoni mwa filamu ya kwanza, ya 2002, nayo ni bora kuliko hii. Itafute.

Nimecheza Resident Evil 3 tangu enzi za PlayStation ya kwanza. Mbona Nemesis wa kwenye filamu hanitishi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu wamekuletea mwili wake tu. Kumbuka Capcom, watengenezaji wa gemu hizi, walivyomtengeneza mwaka 1999 kwa Resident Evil 3. Katika gemu mbili za kabla yake, ukishapita mlangoni zombi kwa kawaida alibaki nyuma, nawe ukapata nafuu. Nemesis akaivunja amana hiyo: unapita, mlango unafunguka tena nyuma yako, huyo hapo. Una risasi za kuhesabu na mitishamba miwili ya kujitibu. Umpige au ukimbie? Hofu ya gemu ile yote imo kwenye hesabu hiyo.

Kwenye filamu, Matthew Taylor anayemwigiza Nemesis amevalishwa vizuri sana: meno nje bila midomo, koti jeusi, roketi mkononi. Lakini Alice amepandikizwa kirusi, ana nguvu kupita binadamu. Anaingia kanisani na pikipiki akipasua dirisha, anashuka ukuta wa ghorofa akikimbia. Sote tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kwamba steringi hafi. Kazi ya mwongozaji ni kutusahaulisha hilo kwa saa moja na nusu. Hapa tunalikumbuka kila dakika.

Pale wasipokuwepo Alice wala Nemesis ndipo nilipoogopa kweli. Raia wamesongamana darajani wakitaka kutoka jijini, mtu mmoja anaanguka katikati yao na kuamka zombi, na Meja Cain wa Umbrella anaamuru lango lifungwe. Anawapa watu sekunde chache warudi walikotoka, kisha risasi zinaanza. Filamu nzima ingekuwa hivi ningeitetea popote.

Alice ni nani kwenye gemu?

Hayumo. Alitungwa na Paul W.S. Anderson, mwandishi wa filamu hizi, akaigizwa na Milla Jovovich. Shujaa wa gemu ya Resident Evil 3 ni Jill Valentine. Sienna Guillory amemvaa Jill barabara, kuanzia blauzi ya bluu mpaka anavyoishika bastola, halafu hadithi inamsukuma pembeni awe msindikizaji. Hilo linaniuma kuliko kasoro nyingine zote.

Mbona mapigano hayaeleweki, nani kampiga nani?

Macho yako ni mazima. Ni usiku, kamera inatikisika, na picha zinakatwa kabla ngumi haijafika. Anderson aliandika hadithi, lakini mwaka ule alikuwa akiongoza Alien vs. Predator, hivyo kiti cha mwongozaji kikaenda kwa Alexander Witt, mpiga picha mzoefu aliyekuwa akiongoza filamu yake ya kwanza. Pambano la Alice na Nemesis ndilo lililoumia zaidi.

Kama ni mbovu, mbona walitoa nyingine nne? (Msomaji, Kampala)

Fedha. Iligharimu kama dola milioni 45, ikaingiza karibu milioni 129, zaidi ya ile ya kwanza.

Jiji la Raccoon liko wapi Marekani?

Ni la kubuni, na mitaa unayoiona ni ya Toronto, Kanada. Ile minara miwili iliyopinda ni jengo la halmashauri ya jiji hilo. Ile ya mwisho yenye Alice, The Final Chapter ya 2016, ndiyo iliyopigwa huku kwetu Afrika, kule Afrika Kusini.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 10 na anaitaka sana. Nimruhusu? (Mzazi, Dodoma)

Marahaba. Usimruhusu. Marekani iliwekewa alama ya R: aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Kuna tukio ndani ya shule, watoto wa umri wa mwanao waliogeuka mazombi wanamzunguka mwanamke na kumla. Ngojeni miaka kadhaa, kisha itazameni pamoja.