Imani si pambo katika riwaya hizi

Ndugu, umeuliza kama imani katika riwaya za mapenzi na taharuki ni pambo tu, kwa kuwa hatari peke yake ingetosha kuibeba hadithi. Kwa maoni yangu sivyo, na mfano ninaoupenda ni The Negotiator ya Dee Henderson, iliyotoka mwaka 2000. Kate O'Malley, askari wa Chicago ambaye kazi yake ni kuzungumza na watekaji, anaingia benki akamkabili kwa maneno mtu mwenye bomu, na miongoni mwa mateka yumo Dave Richman wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Dave anampenda, lakini ni Mkristo anayeshika agizo la 2 Wakorintho 6:14, "Msifungiwe nira pamoja na wasioamini", yaani asioe asiyeamini, na Kate haamini. Hapo ndipo penye uzito wote: kila siku Kate hukutana na waovu, na kinachomzuia kuamini ni swali zito, kwamba Mungu mwenye haki anawezaje kuwahurumia watu kama hao. Ukiliondoa swali hilo, kizuizi kati ya wapendanao hawa kinatoweka, na bomu linabaki bomu tu.